Otomata za seli: kanuni ni nyepesi, dunia ndiyo kazi

Tafuta daftari la hesabu, lile la visanduku tulilotumia shule ya msingi. Kwenye mstari wa juu kabisa, paka wino kisanduku kimoja cha katikati, vingine uviache vyeupe. Shuka mstari wa pili. Kwa kila kisanduku, tazama vitatu vilivyo juu yake: kile kilicho juu yake hasa, cha kushoto na cha kulia. Ikiwa kimoja tu kati ya hivyo vitatu kina wino, paka wino. Ikiwa cha kushoto ni cheupe na viwili vilivyobaki ni vyeusi, paka pia. Vinginevyo, pita. Ukimaliza mstari shuka mwingine, kama mama anayefuma kitambaa cha kochi: kila safu inashikilia ile iliyotangulia tu, na hakuna safu inayojua kitambaa kizima kitatokaje.

Tukiandika 1 kwa cheusi na 0 kwa cheupe, mistari mitano ya kwanza ni hii:

```
    1
   111
  11001
 1101111
110010001
```

Mpaka hapo hakuna cha kushangaza. Lakini mwenye mkono mvumilivu akifika mstari wa hamsini ataona jambo. Upande wa kushoto wa umbo kuna milia ya mshazari, imenyooka na ina mpangilio. Upande wa kulia ni vurugu tupu: pembetatu kubwa na ndogo zimetupwa ovyo, na jicho likitafuta mpangilio linarudi mikono mitupu. Vurugu hiyo hakuiweka mtu. Kanuni haina bahati nasibu hata chembe. Ukianza upya utapata picha ileile, doa kwa doa.

Hii ndiyo Kanuni ya 30, na familia yake yote huitwa otomata za seli. Jina lake si la kubahatisha. Visanduku vitatu vinaweza kupangika kwa namna nane, kuanzia 111 kushuka hadi 000. Ziandike kwa mfuatano huo, na chini ya kila moja uandike jibu lake: 0, 0, 0, 1, 1, 1, 1, 0. Soma majibu hayo kama namba moja ya bainari, ile inayoandikwa kwa 0 na 1 tu, yaani 16 na 8 na 4 na 2, unapata 30. Kwa kuwa majibu ni manane na kila moja ni 0 au 1, kanuni za namna hii ziko 256, hazizidi wala hazipungui. Aliyezipa namba na kuanza kuzichunguza moja baada ya nyingine ni mwanasayansi wa kompyuta Stephen Wolfram, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2019 alitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa kila swali kati ya maswali matatu yanayohusu safu wima ya katikati tu ya Kanuni ya 30, na swali la kwanza ni hili: je, safu hiyo haitafika kamwe mahali ikaanza kujirudia? Swali la mtoto, juu ya kanuni ambayo mtoto anaweza kuichora.

Kanuni hiyo ina visa vyake. Kituo cha treni cha Cambridge North, Uingereza, kilipofunguliwa mwaka 2017 kuta zake zilikuwa zimetobolewa kwa nakshi iliyosemekana ni kumbukumbu ya John Conway, mwanahisabati wa Cambridge. Waliojua wakaitazama na kucheka: haikuwa kazi ya Conway, ilikuwa Kanuni ya 30 ya Wolfram. Na katika Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo, yuko konokono aitwaye Conus textile ambaye ganda lake limejaa pembetatu zinazofanana mno na upande ule wa kulia wa picha yetu. Ukimwona akiwa hai mwangalie tu. Ana sumu, na huchoma.

Daftari linachosha, kwa hiyo tuingie kwenye kompyuta. Hapa ndipo watu wengi hudhani maktaba ya msimbo, yaani mkusanyo wa programu zilizoandikwa tayari, inawasaidia kuandika kanuni. (Vijana wa kazi hii husema kodi badala ya msimbo, ingawa neno hilo kwa wengine wetu linamkumbusha mwenye nyumba mwisho wa mwezi.) Mimi naona sivyo. Kanuni ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Ya 30 tumeimaliza kwa sentensi mbili. Kinachosumbua ni dunia ambamo kanuni hiyo inaishi. Jirani ni nani? Ukingoni kuna nini? Seli zote zinabadilika pamoja au kwa zamu? Maktaba huyajibu maswali hayo kimyakimya, na asiyejua kwamba yamejibiwa huja kushangazwa na picha yake mwenyewe.

Tuchukue CellPyLib, maktaba ya lugha ya programu iitwayo Python, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Kazi yote ya daftari inakuwa hivi:

```
import cellpylib as cpl

safu = cpl.init_simple(200)
safu = cpl.evolve(safu, timesteps=100,
    apply_rule=lambda n, c, t: cpl.nks_rule(n, 30))
cpl.plot(safu)
```

Mstari unaoanza na init_simple unatengeneza safu ya seli 200, zote sifuri isipokuwa ile ya katikati. Kinachoitwa evolve ndicho injini: kinapita safu kwa safu mpaka zitimie mia, na kwa kila seli kinaiita kanuni yako na kuikabidhi vitu vitatu. Herufi n ni seli husika pamoja na majirani zake, c ni namba ya mahali seli ilipo, t ni hatua tuliyofikia. Kanuni inarudisha jibu moja, basi. Sisi hapa c na t hatukuzitumia, lakini zipo kwa mwenye kanuni inayobadilika kwa mahali au kwa wakati. Ukifuta 30 ukaandika 90, unapata pembetatu ndani ya pembetatu ndani ya pembetatu, safi kama nakshi ya mlango. Hakuna kingine cha kugusa.

Sasa tufunue yaliyofichwa, tukianza na zamu.

Anayejua bao atalielewa hili upesi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila anachofanya mchezaji kinategemea shimo moja na yale yanayofuata. Lakini kete husambazwa moja moja. Kete ya tano inapoanguka, inalikuta bao ambalo kete nne za kwanza zimeshalibadilisha, na kama utalala au utaendelea inategemea mabadiliko hayohayo. Otomata za seli haziendi hivyo. Ni kama mashimo yote 32 yangefumba macho, kila moja likakumbuka majirani zake walivyokuwa, kisha yote yakabadilika kwa pigo moja. Hakuna shimo linaloruhusiwa kuiona hali mpya ya mwenzake kabla pigo halijapita.

Kwenye daftari jambo hili linajifanyia lenyewe, kwa sababu safu mpya huandikwa chini ya ile ya zamani na ya zamani haiguswi. Matatizo huanza unapohamia kwenye gridi ya pande mbili, mahali unapofuta na kuandika palepale. Nami nilianguka hapo. Nilikuwa naandika mchezo maarufu wa Conway, Game of Life, bila maktaba yoyote, kwa kujiamini kwa mtu asiyejua. Sheria zake ni hizi: kila seli ina majirani wanane, iliyo hai inabaki hai ikiwa na majirani hai wawili au watatu, iliyokufa inafufuka ikiwa na watatu kamili, zilizobaki zinakufa au zinabaki zimekufa. Jaribio la kwanza la kila mtu ni seli tatu zilizolala kwenye mstari mmoja. Inatakiwa zisimame wima, hatua inayofuata zilale tena, zisimame, zilale. Mimi huziita kimulimuli.

Kimulimuli changu kilikufa katika hatua ya kwanza. Badala ya seli tatu wima nilipata nne zilizopinda: mbili juu, mbili chini yake zenye pengo katikati. Nilikagua sheria mara kumi na sheria zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwamba programu ilipita gridi kutoka juu kushuka chini, kushoto kwenda kulia, ikibadilisha kila seli papo hapo. Seli iliyo juu ya ile ya katikati iliona majirani hai watatu, ikafufuka, sawa. Lakini jirani yake wa kulia, ambaye kwa haki alipaswa kuona wawili tu, sasa akawa anaona watatu, kwa kuwa mwenzake alishafufuka sekunde ileile. Naye akafufuka. Kuanzia hapo kila hesabu iliyofuata ilisimama juu ya uongo. Nilikuwa nacheza bao bila kujua.

Dawa yake ni kuwa na dunia mbili, ya zamani ya kusoma na mpya ya kuandika. Ndivyo injini ya CellPyLib inavyofanya. Na hata asiyetaka maktaba maalumu anaweza kuipata dawa hiyo kwa NumPy na SciPy, zana za kawaida za hesabu za Python:

```
kokwa = [[1, 1, 1], [1, 0, 1], [1, 1, 1]]
jirani = convolve2d(dunia, kokwa, 'same', 'wrap')
dunia = ((jirani == 3) |
         ((dunia == 1) & (jirani == 2))).astype(int)
```

Kokwa ni dirisha la tatu kwa tatu lenye tundu katikati. Linapitishwa juu ya gridi nzima na kila mahali linahesabu walio hai kulizunguka tundu. Hesabu ya majirani wa dunia nzima inakamilika kwanza, ndipo dunia mpya inapoandikwa kwa mkupuo. Na ukitaka mtindo mwingine wa ujirani, unabadilisha kokwa tu. Ziweke sifuri zile pembe nne, majirani wanabaki wanne: juu, chini, kushoto, kulia. Ujirani wa wanne hubeba jina la mwanahisabati John von Neumann, ambaye katika miaka ya 1940, kwa wazo la mwenzake Stanislaw Ulam wa maabara ya Los Alamos, Marekani, alitumia gridi ya namna hiyo kuuliza kama mashine inaweza kujizalia nakala yake. Seli zake zilikuwa na hali 29, si mbili. Ujirani wa wanane ni wa Edward Moore, na katika CellPyLib unauchagua kwa kuandika jina lake tu.

Katika mistari ile ya SciPy kuna neno dogo, wrap. Hilo ndilo jibu la swali la ukingo, na ningependa tukae hapo kidogo kwa sababu ndipo watu wanapodanganywa zaidi.

Dunia ya nadharia haina mwisho. Ya kompyuta inao. Seli ya pembeni kabisa inapomtafuta jirani wa kulia, lazima apatikane mtu wa kumjibu. Unaweza kusema nje ya gridi kuna maiti watupu, na kwa SciPy ungeandika fill badala ya wrap. Au unaweza kuukunja ukingo wa kulia ukakutana na wa kushoto, wa juu ukakutana na wa chini, mpaka karatasi ikawa tyubu ya tairi. CellPyLib huchagua kukunja. Safu ya seli 200 kumbe ni pete. Sasa rudi kwenye Kanuni ya 30. Vurugu yake husambaa seli moja kila upande kwa kila hatua. Ukianza katikati ya seli 200, kufikia hatua ya 100 umeshagusa ukingo. Ukizidisha hapo hatua ziwe 300, umbo litajigonga lenyewe kwa nyuma na picha itaendelea kuchorwa kwa mbwembwe zilezile, ila haitakuwa tena picha ya Kanuni ya 30 inayoanza na doa moja katika dunia isiyo na mwisho. Itakuwa picha ya pete. Hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini.

Mara nyingine pete ndiyo unayoitaka. Andika 184 mahali pa 30 na uanze na safu ya kubahatisha, init_random, badala ya doa moja. Kanuni ya 184 inasomeka hivi: kila 1 ni gari linaloelekea kulia, kama mbele yake pako wazi, linasogea, kama pana gari, linasubiri. Magari hayazaliwi wala hayapotei. Kwenye pete, idadi ya zile 1 katika kila safu lazima ilingane na ya safu ya kwanza, na hicho ni kipimo kizuri cha msimbo wako: jumlisha kila safu, ikitofautiana hata kwa gari moja una kosa. Mwenye ukingo wa maiti ataona magari yakitumbukia mwisho wa barabara na asipatikane wa kuyaokota.

Ukiwa na magari machache kuliko nusu ya seli, misongamano ya mwanzo huyeyuka na baada ya muda kila gari linatembea kila hatua. Yakizidi nusu, foleni haiishi, na tena inasafiri kurudi nyuma: magari yanakwenda kulia, msongamano unakwenda kushoto. Kuwa mwangalifu hapa, maana init_random hukupa takriban nusu kwa nusu, yaani palepale mpakani. Ili uone tofauti, tengeneza safu mbili mwenyewe, moja ya theluthi na nyingine ya theluthi mbili. Mwaka 1992 Kai Nagel na Michael Schreckenberg walilikuza wazo hilo kwa barabara kuu za Ujerumani: seli ya mita 7.5, mwendo wa 0 hadi 5, na juu ya hayo dereva ambaye mara mojamoja hupunguza mwendo bila sababu. Dereva huyo tu alitosha. Foleni zikazuka mahali pasipo ajali, pasipo taa, pasipo trafiki. Aliyewahi kukaa dakika arobaini kwenye foleni, akafika mbele akitarajia kuona lori limepinduka na asione kitu, ameshauishi mfano huo.

Kuhusu kasi sitasema mengi, kwa kuwa kompyuta yoyote ya leo inaendesha mifano hii bila kutoka jasho. Dokezo moja linatosha. Kanuni ya 30 ina majibu manane tu, kwa hiyo hakuna haja ya kuikokotoa upya kila mara; mwambie evolve akumbuke, kwa kuongeza memoize=True, naye ataokota jibu alilolihifadhi. Mwanahisabati Bill Gosper alilipeleka wazo hilo mbali sana mwaka 1984. Badala ya kukumbuka jibu la seli moja, algoriti yake ya HashLife inakumbuka miraba mizima, pamoja na kile kitakachokuwa katikati ya kila mraba baada ya hatua nyingi. Umbo lenye kujirudiarudia linarushwa mabilioni ya vizazi mbele ukiwa bado unakunywa chai. Vurugu isiyojirudia haisaidiki hivyo, kwa kuwa hakuna cha kukumbuka. Programu ya bure iitwayo Golly inayo HashLife ndani yake, na kwa Game of Life peke yake ningekushauri uanzie huko kuliko kwenye maktaba yoyote ya Python. Gosper ni yuleyule ambaye mwaka 1970, akiwa chuo cha MIT, Marekani, na wenzake, alijishindia dola 50 za Conway. Conway alitaka kujua kama kuna umbo linaloongezeka bila kikomo. Wao wakaleta bunduki inayotema glaida moja kila vizazi 30, daima.

Glaida ni umbo la seli tano linalotembea kimshazari, kisanduku kimoja kila vizazi vinne, na linatupatia mtihani wa kumaliza nao. Panga seli tano hivi:

```
.11
11.
.1.
```

Hii ni R-pentomino. Hailingani hata kidogo na ukubwa wa vurugu inayoizaa. Inalipuka, inasambaa, inajila, inatema glaida sita, na inatulia kwenye kizazi cha 1103 ikiwa na seli hai 116, glaida hizo zikiwemo. Namba hizi mbili zinajulikana tangu zamani, kwa hiyo zitumie. Iweke katikati ya gridi ya 100 kwa 100 iliyokunjwa na hutazipata: glaida zitavuka ukingo, zitaibuka upande wa pili na kurudi kuvuruga nyumbani. Sasa hesabu. Kwa vizazi 1103, glaida haiwezi kwenda zaidi ya visanduku 275 au zaidi kidogo kutoka ilikozaliwa. Gridi ya 700 kwa 700 inatosha kwa raha. Endesha, kisha jumlisha walio hai kwenye kizazi cha 1103, na cha 1104, na cha 1110. Ukipata 116 mara zote tatu, zamu, ujirani na ukingo wako viko sawa. Ukipata namba nyingine, anza kwa kutazama kama programu yako inacheza bao.